Nyumba ya mteremkoni: ukaguzi kabla ya kununua, na uzio unaoifaa

Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Wakiso, Uganda, ameniandikia kwamba yeye na mumewe, ambaye kazi yake iko Juba, wamepata nyumba ya vyumba vitatu vya kulala katika kiwanja cha futi 50 kwa 100. Barabara inapita upande wa juu, na kiwanja kinateremka hadi karibu na bonde. Nyumba ina umri wa miaka minne, imepakwa rangi upya, na mwenye kuiuza anataka malipo yakamilike kabla ya mvua za Machi. Shemeji yake anamshauri ajenge ukuta wa matofali kuzunguka kiwanja chote mara tu atakapolipa, ili majirani wasije wakakimega. Anauliza mambo mawili: mtu asiye fundi aikagueje nyumba, na kati ya ukuta, senyenge na ua wa miti achague upi.

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, kisha nilieleze. Usimalize kulipa kabla hujakiona kiwanja hicho siku ya mvua kubwa, na usijenge ukuta wa kuziba pande zote nne. Maswali yako mawili kwangu ni swali moja, kwa sababu katika kiwanja cha mteremko kinachoamua kama nyumba itadumu au itapasuka ndicho hichohicho kinachoamua kama uzio utasimama au utaanguka, nacho ni njia ya maji. Mwenye kuuza anataka mmalizane kabla ya Machi. Mimi nakuomba usubiri Machi ifike. Mvua za kwanza za mwaka katika eneo letu la kati huanza mwezi huo na kuendelea hadi Mei, na hakuna mkaguzi, hata mimi mwenyewe, awezaye kukuonyesha kwa jua yale ambayo mvua hiyo itakuonyesha kwa saa moja.

Wakati unasubiri, shughulikia mpaka na karatasi. Watu wengi wanaoniita hukagua vigae na rangi ya sebule, lakini hawajaliona hata jiwe moja la mpaka. Omba nakala ya hati, ukafanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda yenu, ili ujue hati ina jina la nani na kama ina rehani ya benki au zuio lolote. Kisha mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa afungue mipaka, yaani ayatafute mawe na kuyalinganisha na ramani ya hati, mbele ya majirani wote na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kama ardhi ni ya mailo, yaani umiliki wa Buganda ambamo mmoja hushika hati na mwingine aweza kukaa juu ya ardhi hiyohiyo, uliza waziwazi kama unanunua hati au unanunua kibanja, ile haki ya mkaaji tu, kwa maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mwenye kibanja halali lakini haimfanyi kuwa mwenye hati, na ukuta wa matofali hauwezi kumfanya hivyo pia. Kama anayeuza ana mke au mume, na nyumba hiyo ndiyo makazi yao, ridhaa ya mwenzake ni sharti la sheria hiyohiyo. Ipate kwa maandishi. Omba pia kibali cha ujenzi, kibali cha kukaa ndani ya nyumba, na michoro iliyoidhinishwa. Michoro hiyo itakwambia kama chumba cha nyuma kilikuwamo tangu mwanzo au kiliongezwa baadaye juu ya msingi wa aina nyingine, na hilo ni jambo kubwa nitakalolirudia.

Nimewahi kuona ukuta mzuri ukibomolewa kwa sababu ulivuka mpaka kwa hatua mbili. Aliyeujenga alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Alifuata mstari wa mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao Waganda hupanda mipakani, bila kujua kwamba mistari miwili ya mulamula ilikuwa imepandwa kwa vipindi tofauti.

Sasa bonde. Wakiso ni wilaya ya vilima na mabonde, na mengi ya mabonde hayo yalikuwa na mafunjo kabla ya kuwa na nyumba. Kwa Katiba ya mwaka 1995, ardhi oevu hushikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, kwa hiyo hati iliyochorwa ndani yake si ngao. Mwaka 2024 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya ardhi oevu ya Lubigi zilibomolewa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na waliolia pale hawakuwa wote wavamizi wa makusudi. Walikuwamo walionunua kwa kuamini neno la muuzaji. Teremka mwenyewe hadi mwisho wa kiwanja. Ukiona mafunjo, au magimbi yanayostawi bila mtu kuyamwagilia, au jirani aliyeinua kizingiti cha mlango wake kwa matofali matatu, umepata habari ambayo haimo katika tangazo. Tazama kuta za majirani wa chini uone kama zina mstari wa tope. Muulize kijana wa bodaboda anayeegesha pale njia panda, kwa sababu yeye anajua ni siku zipi barabara haipitiki.

Mvua ikinyesha, nenda na mwavuli na viatu vya mpira, usimame kwenye kona ya juu, kisha uyafuate maji kwa miguu yako. Kiwanja chako ni kama mita za mraba 465. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu yaweza kushuka alasiri moja, huweka juu ya eneo hilo zaidi ya lita 23,000, yaani jerikeni zaidi ya 1,100 za lita 20, kabla hujahesabu maji ya barabarani na ya viwanja vilivyo juu yako. Yote hayo yana mahali yanapopita leo. Angalia kama yanaizunguka nyumba au yanaupiga ukuta wake wa nyuma, kama yanasimama popote kwa zaidi ya dakika chache, na kama yanaingia kwa jirani wa chini kwa mkondo mmoja au kwa kutawanyika. Piga picha. Picha hizo ndizo utakazompa fundi wa uzio baadaye.

Nyumba yenyewe uikague siku nyingine, mchana, madirisha yote yakiwa wazi. Anzia nje, kwenye pembe za upande wa bondeni. Rangi mpya si kosa, lakini inataka macho zaidi: washa tochi ya simu, uilaze karibu na ukuta ili mwanga upite sambamba na plasta, na kila mahali palipozibwa patatoa kivuli chake. Nyufa ndogo kama utando wa buibui, zilizotapakaa bila mpangilio, kwa kawaida ni za plasta iliyokauka upesi, hizo zisikuondolee usingizi. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, ukianzia pembe ya dirisha, na ukiwa mpana juu kuliko chini, unakwambia kwamba upande mmoja wa msingi unazama. Katika mteremko upande huo mara nyingi ni wa bondeni, kwa sababu mjenzi hukata udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini ili apate sakafu iliyo sawa, na udongo wa kujaza usiposhindiliwa tabaka kwa tabaka huendelea kushuka kwa miaka. Ufa ukikubali kupokea ukingo wa sarafu, usisikilize maelezo ya muuzaji wala ya fundi wake. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa aje autazame. Ufa wa wima, uliosimama pale chumba kilichoongezwa kinapoungana na nyumba ya awali, maana yake misingi miwili inashuka kwa kasi mbili, na kuuziba kwa saruji ni kuuficha tu.

Ndani, funga na ufungue kila mlango, kwa maana fremu iliyopinda huukwamisha mlango kabla ufa haujaonekana. Funga jiwe dogo kwenye uzi, ulining'inize kando ya ukuta kama timazi, utaona ukuta unaoinama. Gonga plasta kwa sarafu katika futi mbili za chini. Ikilia kama kibuyu kitupu, imeachana na matofali. Ukiona unga mweupe wa chumvi au rangi inayobanduka chini tu, unyevu unapanda kutoka ardhini, kwa sababu tabaka la kuuzuia halikuwekwa, au liliwekwa kisha udongo wa nje ukarundikwa juu yake. Hili la mwisho hutibika kwa jembe.

Darini panda kwa ngazi, au mtume kijana unayemwamini na simu yenye kamera. Njia za udongo za mchwa juu ya kenchi huonekana wazi, na bisibisi inayozama kwenye ubao bila nguvu imekwisha kujibu. Kuhusu mabati, kumbuka tu kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, hivyo la 32 si sawa na la 28. Umeme mpe fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, apime hasa waya wa kutua ardhini, kwa kuwa ukanda huu wa Ziwa Viktoria una radi nyingi mno. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, na akaunti ya maji zihakikishwe hazina deni.

Shimo la maji taka lifunuliwe mbele yako. Usikubali kuonyeshwa mfuniko tu. Nataka ujue tangi liko wapi, maji yake yanakwenda kunyonywa na ardhi wapi, na umbali wake na mpaka ni hatua ngapi, kwa sababu msingi wa ukuta uliochimbwa kando ya shimo la kunyonya maji hukaa kwenye udongo uliolowa mwaka mzima. Kama kuna chemchemi au kisima chini ya kiwanja ambacho watu wanachota, mita 30 kati yake na shimo ni kipimo cha chini ninachokishikilia.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza na ambalo siwezi kulinyamazia. Madirisha ya nyumba zetu yote yana vyuma vya kuzuia wezi, na katika nyumba nyingi vyuma hivyo havifunguki. Moto ukianzia sebuleni usiku, watoto walio chumbani hawana pa kupita. Kabla ya kufikiria uzio wowote, mwite fundi wa kuchomelea, akate dirisha moja katika kila chumba cha kulala, alitie bawaba na komeo la ndani ambalo mtoto anaweza kulifungua bila kutafuta ufunguo.

Nije kwenye uzio. Shemeji yako anakutakia mema, nami naielewa hofu yake, lakini afanye hesabu hii pamoja nawe. Mzunguko wa kiwanja ni futi 300, karibu mita 91. Ukuta wa upana wa inchi tisa na kimo cha mita mbili, kwa urefu huo, una uzito wa zaidi ya tani 70, ukiwa umesimama juu ya mteremko. Huo ni uzito wake ukiwa mkavu na bila kusukumwa na kitu. Maji yakikusanyika nyuma ya ukuta hadi kimo cha mita moja, yanausukuma kila mita ya urefu wake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 500. Yakifika mita mbili, nguvu hiyo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukuta wa uzio haukujengwa kubeba hayo. Ukijengwa kwa kukatisha mteremko, upande wa chini wa kiwanja, bila matundu, unakuwa bwawa, na siku utakapoachia, utamwachia jirani wa chini matofali na maji kwa pamoja.

Niliitwa mahali pa namna hiyo asubuhi moja ya Novemba. Ukuta ulikuwa umelala juu ya jiko la jirani, na kwa rehema ya Mungu jikoni hamkuwa na mtu saa ile. Nilipiga magoti kwenye mtaro wa msingi, nikakuta matofali ya kwanza yamepangwa juu ya udongo mweusi, kina cha shubiri moja na nusu, bila zege chini yake. Mchoro ulionyesha matundu ya maji, nayo yalikuwapo. Nilipotia kidole katika la kwanza kiligonga saruji. Mafundi walipopiga plasta walipitisha mwiko juu ya yote ili uso wa ukuta uwe laini. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniambia kwamba ni yeye aliyewaagiza, kwa sababu matundu yalikuwa yakichafua rangi. Sijaisahau sauti yake.

Kwa kiwanja chako, kwa hiyo, kila upande uupe uzio wake. Upande wa barabara, ulio juu, jenga ukuta ukipenda, kwa kuwa ndiko faragha na vumbi vinakohitaji kuzuiwa. Uchimbiwe msingi hadi kwenye udongo mgumu, ikiwezekana moramu, ule mwekundu wenye changarawe, wenye zege chini. Uwe na nguzo kila baada ya mita tatu hivi, na mwachano mdogo wa wima kila mita sita hivi ili sehemu moja ikicheza isiipasue nyingine. Na juu uvikwe kofia ya zege inayotoa maji nje. Mbele yake pawe na mtaro uliosakafiwa unaoyapokea maji ya barabara na kuyapeleka kwenye mfereji wa umma. Kabla ya kuchimba, nenda kwa ofisa mipango wa halmashauri yenu, akuonyeshe eneo la hifadhi ya barabara linaishia wapi na akueleze kibali kinachotakiwa, kwa kuwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 ukuta nao ni kazi ya ujenzi.

Pande mbili za ubavuni, zinazoshuka na mteremko, ziweke senyenge ya wavu juu ya nguzo za zege, chini yake pakiwa na msingi mfupi wa matofali unaoshuka kwa ngazi, na upande wa chini kabisa uwe wavu mtupu hadi ardhini, maji yapite yakiwa yametawanyika. Kama unataka uwanja ulio sawa nyuma ya nyumba, huo ni ukuta wa kuzuia udongo, kazi ya mhandisi, wenye kokoto na mabomba ya kutolea maji nyuma yake. Usimruhusu mtu yeyote aufanye ukuta wa uzio ubebe kazi hiyo kwa sababu tu matofali yamebaki.

Nguzo za zege ni ghali kuliko za mkaratusi, lakini mkaratusi usiotiwa dawa huoza na kuliwa na mchwa pale usawa wa ardhi kwa muda mfupi wa kusikitisha. Ukichagua nguzo zilizotiwa dawa, hakikisha vipande vilivyokatwa havipelekwi jikoni kuwa kuni, kwani dawa nyingi za nguzo zina aseniki na moshi wake ni sumu. Wavu uvutwe ukazwe kwa nyaya tatu, juu, kati na chini, na nguzo za pembeni ziwe na mihimili ya kuziegemeza, la sivyo utalegea kabla mwaka haujaisha.

Kisha ndani ya wavu, panda. Hapa ndipo ninapokuwa na upendeleo, nami nakiri. Ikulu za zamani za Kabaka, mfalme wa Buganda, na makaburi ya wafalme hao huko Kasubi zilizungukwa na uzio wa matete uliofumwa kwa mikono, ulioonyesha wazi mahali pa heshima panapoanzia, na hadi leo sijaona ukuta wa matofali uliopendeza kama huo. Matete yanataka kufumwa upya mara kwa mara, kwa hiyo kwako sishauri hayo; nashauri mtunda wa kei, yaani Kei apple, ule wenye miiba mirefu, unaokatwa ukawa mnene kiasi kwamba hata kuku hapiti. Unahitaji miaka kadhaa, na wavu ndio utakaokulinda wakati unakua. Bougainvillea hukua haraka zaidi. Mnyaa, unaoitwa nkoni kwa Kiganda, ni rahisi mno kuotesha, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huumiza vibaya, na wewe una watoto. Mti wa mutuba, ule wa nguo za magome, usimamishwe mbali na shimo la maji taka, kwani hata kigingi chake huota mizizi.

Wavu na miti vina faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Ukuta mrefu humficha mwizi akishaingia. Jirani hamwoni, na mpita njia hamwoni. Katika mtaa wenye majirani wanaosalimiana, mimi ningekuwa wewe ningetaka waione nyumba yangu nikiwa darasani.

Lango liwe na upana wa mita nne, au lisipungue mita tatu na nusu, na lisogee kando kwa reli, kwa kuwa lango la bawaba likifunguka nje linaingia barabarani. Upana huo ni kwa ajili ya lori la kunyonya maji taka. Nimeona familia iliyolazimika kubomoa nguzo ya lango jipya ili lori lifike kwenye tangi.

Kuhusu hofu ya shemeji yako ya kumegewa kiwanja, mwambie hivi: mpima ardhi akishafungua mipaka, majirani na LC1 wakatia sahihi kwenye karatasi ya siku hiyo, simamisha nguzo za pembe nne siku ileile, ndani kidogo ya mawe, na upitishe waya mmoja. Ni kazi ya siku mbili, haizuii hata tone la maji. Mawe yenyewe yaachwe yakionekana, yasifunikwe na zege ya uzio, ili mume wako akirudi kutoka Juba awaonyeshe watoto kila moja lilipo.